UZI: Neva ikikatika, hizi stemu seli zinasaidia aje? Tuongee kabla mtu hajauza ploti

Fizio_Umoja:
Wadau habari zenu. Nimeamua kuandika huu uzi juu karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali moja, kwa kliniki ama inbox: "kuna mahali wanadunga stemu seli, je mkono wa kijana wetu utarudi?" Na mara nyingi swali likinifikia, grupu ya mchango ishafunguliwa WhatsApp, mweka hazina ashachaguliwa, na mzee kule nyumbani anatafuta mnunuzi wa ploti. Mimi ni fizio, kazi yangu ni mikono na miguu iliyopoteza nguvu, kwa hivyo hii mambo naiona kila siku na inaniuma.

Nitaandika kirefu, naomba mvumilie. Msimamo wangu nauweka hapa mwanzo ndo tusizungushane: seli shina (ndo hizo stemu seli, seli changa zinazoweza kugeuka kuwa aina zingine) kwa hizi neva za mikono na miguu ni sayansi ya kweli kabisa, watu wenye akili wanaifanyia kazi usiku na mchana, lakini haiji kwa mkono wako ikageuka kuwa neva mpya. Kazi yake ni kusaidia. Na kinachomaliza mikono ya watu hapa Nairobi ni miezi inayopotea mtu akisubiri.

Kwanza tuelewe neva ikikatika nini hutokea. Fundi wa stima akiunganisha waya iliyokatika taa inawaka saa hiyo hiyo. Neva haiko hivyo. Kiini cha seli ya neva kiko huko kwa uti wa mgongo ama kando yake, na kutoka hapo inatoa mkia mmoja mrefu sana, aksoni, unaoshuka mpaka kidoleni. Ukikatwa kwa kiwiko, aksoni yote kutoka kiwiko kwenda chini inakufa, ata kama daktari ameshona vizuri aje. Augustus Waller aliliona hili mwaka wa 1850 akikata neva za ulimi wa chura, na mpaka leo huko kuoza kunaitwa kwa jina lake.

Sasa hapo ndo maajabu yanaanza. Aksoni imekufa, lakini seli zilizokuwa zimeizunguka hazifi. Zinaitwa seli za Schwann, kazi yao ya kawaida ni kuivika aksoni mayelini, lile ganda la mafuta linalofanya ujumbe uende mbio. Zikiona aksoni imekufa zinaacha hiyo kazi, zinawasha jeni (agizo la ndani ya seli) inaitwa c-Jun, zinazaana, zinasaidiana na makrofaji, zile seli za kinga zinazokula taka, kusafisha uchafu, alafu zinajipanga mstari mmoja ndani ya ile neva tupu na kuanza kumwaga protini za kuita aksoni mpya. Mojawapo ya hizo protini, NGF (protini ya kukuza neva), ndo ilimpa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobel 1986. Aksoni inayotoka juu inafuata huo mstari, inatambaa ikishuka.

Uti wa mgongo na ubongo hazina seli za Schwann za kufanya hiyo kazi, na hiyo ni sababu moja kubwa mtu aliyekatika uti wa mgongo hapati nafuu ile ya mtu aliyekatika neva ya mkono. Kwa hivyo mtu akikuambia dawa yake ni moja kwa zote mbili, uliza maswali.

Lakini inatambaa polepole. Milimita moja kwa siku, hivi. Piga hesabu na mimi: kutoka shingoni mpaka kwa vidole vya mtu mzima ni kama sentimita 70, hiyo ni milimita 700, hizo ni karibu siku 700. Miaka miwili. Na misuli haisubiri miaka miwili. Msuli uliokosa neva unaanza kukonda wiki za kwanza, na ukipita mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, ile sehemu ya msuli inayopokea neva inakuwa imeharibika kiasi kwamba aksoni ikifika inapata hakuna mlango. Na zile seli za Schwann pia zinachoka, zikikaa miezi mingi bila aksoni zinaacha kumwaga protini.

Hapo kwa kliniki nina njia rahisi ya kufuata hii safari. Nagonga na ncha ya kidole juu ya neva, naanzia chini napanda. Mahali aksoni changa zimefika, mgonjwa anaruka, anasikia kama stima imempiga mpaka kwa vidole. Naweka alama na peni, napima kutoka kwa kovu, naandika kwa kadi. Mwezi ujao narudia. Ikiwa imeshuka kama inchi moja, tunashukuru Mungu, inakuja. Ikiwa alama iko pale pale kadi mbili zikifuatana, mimi napigia daktari wa upasuaji simu mgonjwa akiwa bado ameketi hapo. Hii kitu inaitwa alama ya Tinel, ilielezwa 1915 wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na haitaki mashini yoyote.

Nitaendelea, wacha kwanza nione maswali.

Kamukunji_Fundi:
Asante fizio. Mimi nafanya kazi ya mabati na tumeona vijana wakikatwa hapa kwa wrist na grainda, vidole viwili vya mwisho vinabaki vimekunjika. Swali, kama hizo seli za Schwann zinajua kazi yao hivyo, hizi stemu seli ni za nini sasa?

Fizio_Umoja:
Swali zuri sana fundi. Na hao wa grainda wakikatwa tu hivi, waende siku hiyo hiyo, na waambie daktari aangalie neva, isiwe ni kushonwa ngozi tu watu waende nyumbani. Neva iliyokatwa na kitu cha makali ikishonwa siku za kwanza matokeo ni tofauti kabisa na ile ya kurudi baada ya nusu mwaka.

Shida inakuja pale neva imepoteza kipande. Ncha mbili hazifikiani, na ukizivuta kwa nguvu uzishone damu haipiti vizuri na mshono unakufa. Daktari anatoa neva ingine kwa mwili wa mgonjwa, mara nyingi ile ya sural nyuma ya mguu, anaipandikiza pale katikati. Bado ndo njia inayoaminika zaidi duniani. Lakini unalipa, upande wa nje wa mguu unabaki ganzi, na neva za kutoa haziko nyingi. Kuna mirija pia, ya kolajeni (protini ya ngozi na mifupa) na vitu kama hivyo, unaweka ncha huku na huku aksoni zinapita ndani. Kwa pengo dogo inafanya. Ikipita sentimita 3 inaanza kukushinda, juu ndani ya mrija mtupu seli za Schwann haziwezi kusafiri mbali hivyo zikajaza njia.

Kwa hivyo watu wakasema, basi tujaze mrija na seli. Zipi? Seli za Schwann zenyewe zingefaa, lakini kuzipata lazima ukate kipande cha neva yenye afya ya mtu, uzikuze maabara wiki kadhaa. Imefanywa kwa watu, timu ya Miami huko Marekani ilitangaza 2016 kwamba wameweka seli za Schwann za mgonjwa mwenyewe pamoja na neva ya kupandikiza kwa pengo kubwa la neva ya siatiki, ile kubwa inayoshuka nyuma ya paja. Ni kazi nzito, haiwezi kufanyiwa kila mtu.

Hapo ndo seli shina zinaingia. Unazipata kwa uboho wa mfupa wa nyonga, kwa mafuta ya tumbo, kwa kitovu cha mtoto aliyezaliwa, ata ndani ya jino na kwa mzizi wa nywele. Ya mafuta imependwa sana juu mafuta watu wanayo na kuyatoa si upasuaji mkubwa. Mwaka wa 2001 Mari Dezawa na wenzake Japani walichukua seli za uboho wa panya, wakazilisha mchanganyiko wa kemikali na protini, zikaanza kufanana na seli za Schwann na wakiziweka kwa neva iliyokatwa zilisaidia aksoni kupita. Watu walishangilia, na walikuwa na haki.

Lakini sikilizeni hii juu wauzaji hawaisemi. Zile seli za mafuta zilizofundishwa kuwa kama Schwann, ukiziondolea ule mchanganyiko wa maabara, ndani ya siku chache zinaanza kusahau na kurudi venye zilikuwa. Na nyingi zikiwekwa mwilini hazikai, zinakufa ndani ya siku na wiki chache. Sasa kama zinakufa, mbona panya anapata nafuu? Inaonekana zikiwa hai zinamwaga protini za kukuza neva, zinaita mishipa ya damu, zinatuliza uvimbe, na zinaamsha seli za Schwann za mgonjwa mwenyewe. Arnold Caplan, yule aliyeeneza jina la "seli shina za mesenkaima" (ndo hizi za uboho na mafuta) 1991, mwenyewe 2017 aliandika akiomba jina libadilishwe, kwa sababu kazi yake kubwa ni kutoa dawa na ishara, si kuzaa tishu mpya. Ndo maana saa hii maabara nyingi zimehamia kwa eksosomu, vile vimfuko vidogo seli inavyotema, kuona kama unaweza kuacha seli kabisa ukapeleka ujumbe wake tu. Mimi nadhani huko ndiko mambo yatafungukia.

mwanafunzi_wa_tiba:
Naongezea kidogo mkuu. Watu wakisoma "asilimia fulani ya panya walipona" wakumbuke panya huwa anakatwa neva ya siatiki pengo la milimita 10, na panya pengo hilo anaweza kulivuka ata na mrija mtupu. Na mguu wake ni mfupi, aksoni inafika kwa msuli kabla msuli haujaharibika. Binadamu ana pengo la sentimita kadhaa alafu nusu mita ya kutambaa. Kwa hivyo dawa inaweza kuwa nzuri kwa panya na isionekane kabisa kwa mtu. Kuna pia zile seli za Yamanaka, mwanasayansi wa Japani, za kurudisha seli ya ngozi iwe kama ya mimba changa, alifanya kwa panya 2006, kwa binadamu 2007, akapata Nobel 2012. Hizo unaweza kutengeneza seli za Schwann nyingi sana kinadharia, lakini ikibaki hata chache hazijakomaa zinaweza kuota uvimbe.

Fizio_Umoja:
@mwanafunzi_wa_tiba umesema vizuri kuliko mimi. Hilo la umbali ndilo nataka kila mtu alishike.

mama_wa_Zimmerman:
Mimi nimeletewa pakiti za unga na dada wa kanisa, anasema ni stemu seli za matunda, unakoroga kwa maji asubuhi, neva zinajijenga. Mume wangu ana ganzi ya miguu, sukari imemsumbua miaka. Pia kuna mahali wanaweka drip ya stemu seli, unaketi saa moja unaenda nyumbani. Ni bei kubwa sana lakini wanasema unaweza lipa pole pole. Nisaidieni.

Fizio_Umoja:
Pole sana mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kulipa.

Unga: seli ni kitu hai. Ikikaushwa ikawekwa kwa pakiti imekufa, na ata kama ingekuwa hai, tumbo linaimeng'enya kama nyama yoyote. Na seli ya tunda haiwezi kuwa seli ya mtu. Hakuna chochote hapo kwa neva ya mzee, hiyo pesa nunueni chakula kizuri na vipimo vya sukari.

Drip: seli zikiingia kwa mshipa wa mkono zinaenda moyoni alafu moja kwa moja kwa mapafu, na nyingi zinakwama pale. Hili linajulikana, limepimwa kwa wanyama mara nyingi. Kwa zile tafiti za neva iliyokatwa nilizoeleza, seli zinawekwa pale pale kwa jeraha, ndani ya mrija ama kuzunguka mshono, wakati wa upasuaji. Mtu anayekuwekea drip akisema inaenda kutafuta neva ya mguu yenyewe, ama hajui ama anajua.

Na si kwamba mbaya zaidi ni kupoteza pesa tu. Mwaka wa 2017 jarida kubwa la madaktari la Marekani lilieleza wanawake watatu waliodungwa seli za mafuta yao wenyewe kwa macho kwa kliniki moja ya Florida, walilipa, na wakapoteza uwezo wa kuona. 2014 kuna mama aliyekuwa amewekewa seli za ndani ya pua kwa uti wa mgongo huko Ureno, miaka 8 baadaye alipatikana na uvimbe mgongoni uliokuwa unatoa kamasi. Seli ilifanya kazi iliyoijua. Zilikuwa seli zao wenyewe, kwa hivyo wakikuambia "ni za mwili wako haziwezi kukudhuru" usikubali.

Ganzi ya sukari ni mambo tofauti na neva iliyokatika, hiyo sitaifungua sana hapa. Sukari idhibitiwe, na miguu aikague kila jioni, katikati ya vidole, chini ya nyayo, awekewe kioo kama hawezi kuinama. Maji ya kuoga ayajaribu na kiwiko, si na mguu.

jembe_la_Githurai:
Fizio nisaidie mimi. Ndugu yangu alianguka na boda kwa Thika Road, ni mwezi wa nne sasa. Vidole anacheza navyo, anashika simu, lakini kiwiko hakikunji na bega haliinuki kabisa. Hospitali moja walimpa kamba ya kushikilia mkono wakasema neva hurudi zenyewe asubiri mwaka. Sasa familia inataka kumpeleka nje ya nchi kwa hizo seli, mchango uko mbali.

Fizio_Umoja:
@jembe_la_Githurai soma hii polepole na umsomee mama na mzee.

Hiyo ni brakial pleksasi, lile kundi la neva tano linalotoka shingoni likapita chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Boda akianguka kichwa kinaenda huku bega linaenda kule, neva zinavutika mpaka zinakatika, zingine zinang'oka kwenye uti wa mgongo wenyewe. Venye umeeleza, vidole vinafanya na kiwiko hakikunji, ni zile za juu zimeumia na za chini zimebaki. Hiyo ni bahati ndani ya msiba.

Jeraha la kuvutika bila kukatwa, kawaida tunasubiri kama miezi mitatu tuone kama kuna kitu kinarudi. Kisiporudi kitu, afanyiwe EMG (kipimo cha stima ya misuli na neva) na aonwe na daktari wa upasuaji wa neva na mikono, mambo yaamuliwe kabla ya mwezi wa sita. Mwezi wa nne bila biceps, ule msuli wa kukunja kiwiko, huo muda wa kusubiri ushaisha. Kumwambia asubiri mwaka ni kumwambia asubiri mpaka mlango ufungwe.

Na kuna kitu kinafanyika leo, hakihitaji seli shina, hakihitaji ndege. Mwaka wa 1994 daktari Mfaransa, Christophe Oberlin, alieleza njia ya kuchukua uzi mdogo kutoka kwa neva ya ulna, ile inayopita kwa kiwiko ukigongwa unaona nyota, na kuunganisha kwa neva ya biceps hapo hapo mkononi. Neva ya ulna ina nyuzi nyingi, mkono hauisikii sana hiyo moja ikitoka. Sasa badala ya aksoni kutambaa kutoka shingoni, inatambaa sentimita chache tu, inafika kwa msuli ndani ya miezi badala ya miaka. Mwanzo mgonjwa akitaka kukunja kiwiko anafinya ngumi kwanza, tunamfundisha kwa mazoezi, baadaye ubongo unaelewa na anakunja bila kufikiria. Nimeketi na kijana alipoona mkono wake umeinuka upana wa kidole kimoja kutoka kwa meza, aliita watu wa nje waingie waone.

Fanya hivi: rudi hospitali uombe rufaa kwa daktari wa upasuaji wa plastiki na mikono, Kenyatta wako, na hospitali zingine kubwa pia wapo. Usikubali tarehe ya miezi mitano mbele, sema wazi ni pleksasi na ni mwezi wa nne. Mrekodi video akijaribu kukunja kiwiko, ukiwa na tarehe. Na wakati mnasubiri, viungo vyote vinyooshwe kila siku, bega, kiwiko, vidole, juu kiungo kikikakamaa ata neva ikirudi haina kitu cha kusukuma. Ile kamba isikae masaa 24. Nitumie inbox nikuonyeshe mazoezi, silipishi.

Huo mchango mlionao unaweza kulipa hiyo operesheni ama sehemu yake kubwa. Tafadhali usiende nje.

SouthB_msee:
Na kama mtu anataka kweli kuingia kwa utafiti wa hizi seli, atajuaje ni wa ukweli si wakora?

Fizio_Umoja:
Utafiti wa kweli hapa Kenya lazima uwe na barua ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) na idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na unakuta umesajiliwa wazi kwa rejista, ya Afrika inaitwa PACTR. Unapewa karatasi ya kukueleza hatari, unaenda nayo nyumbani, unauliza mtu. Na kubwa zaidi, utafiti haukulipishi. Ukisikia "utafiti" alafu unaonyeshwa bei na punguzo la mwisho wa mwezi, ondoka. Uliza pia maswali matatu: seli zimetoka wapi, zinawekwa mahali gani hasa, na mtapima nini baadaye kujua imefanya kazi. Anayejua kazi yake anajibu hayo bila kukasirika.

Na kuna vitu vingine vya kufuatilia kando ya seli. Tessa Gordon na wenzake huko Kanada walionyesha kwamba ukiipa neva stima kidogo, hertz 20 (mapigo 20 kwa sekunde), kwa saa moja tu baada ya upasuaji, aksoni zinavuka mshono haraka zaidi, na wamejaribu kwa watu. Hiyo ni rahisi mara nyingi kuliko maabara ya seli, na mimi ningefurahi sana nikiiona hapa kwetu.

mama_Baraka:
Samahani naingia mwisho. Mtoto wangu alizaliwa mkubwa, alivutwa bega likakwama, mkono wa kulia hauinuki. Ana wiki saba. Rafiki aliniambia ningehifadhi damu ya kitovu ingemponya, najilaumu sana.

Fizio_Umoja:
Mama Baraka usijilaumu hata kidogo. Damu ya kitovu inatumika hospitali kwa magonjwa ya damu, seli shina zake nyingi ni za kutengeneza damu. Haikuwa na mkono wa mtoto wako ndani yake, hukumnyima kitu.

Watoto wengi wa hii shida hupona wenyewe, na mkono wa mtoto ni mfupi, aksoni haina safari ndefu. Anza mazoezi saa hii: ukimbadilisha nepi, inua mkono polepole juu ya kichwa, zungusha nje, nyoosha kiwiko, kila mara unapombadilisha, bila kumvuta. Akivaa nguo anza na mkono mgonjwa, akivua malizia nao. Usimbebe kwa kushika makwapa.

Kitu cha kuangalia ni kiwiko. Mlaze chali, mguse mdomo na kitu anachopenda, uone kama anajaribu kukunja mkono kuleta. Mrekodi na simu kila Jumapili. Akifika miezi mitatu na hajakunja kiwiko hata kidogo, asisubiri kliniki ya kawaida, aonwe na daktari wa upasuaji anayejua pleksasi ya watoto mwezi huo huo. Uko sehemu gani ya Nairobi? Niandikie inbox nikuelekeze fizio wa watoto aliye karibu.